Kiangazi cha Vyungu Kumi na Vinne

Mama mdogo, ambaye tulimzika mwezi uliopita, alipiga pasi kwa miaka thelathini na moja, na kama kuna kitu alichokijua kuliko watu wengi ni joto. Chumba cha pasi cha ile kampuni ya udobi kilikuwa na meza sita, dirisha moja, na feni iliyoichukua hewa kutoka meza ya kwanza, ikaipeleka mpaka ya sita, kisha ikairudisha ileile. Wasichana walioingia asubuhi na poda walitoka saa nane na nyuso walizozaliwa nazo. Yeye hakujipaka kitu. Alifunga kitambaa kichwani, akaweka maji ya kunywa kushoto na kopo la kunyunyizia kulia, akaanza na kola.

Wenzake walimwita Mama Mkunjo, kwa sababu hakuweza kuvumilia mkunjo hata kwenye nguo isiyomhusu. Siku moja, katikati ya ibada, alinyoosha mkono akamlaza ukosi mtu aliyekaa mbele yake. Yule mtu akageuka kwa mshangao.

"Samahani, kaka yangu," akamnong'oneza, "ulikuwa unanitoa kwa Mungu."

Sisi watoto wa dada yake tulimwita mama mdogo, na hapa ataitwa hivyo.

Mumewe alikuwa fundi wa miwani. Alikuwa na kibanda chenye kioo mbele, meza moja, na bisibisi nyembamba kama sindano. Alikuwa mtu wa maneno. Akitia lenzi kwenye fremu anaongea, akikaza skrubu ndogo kama punje ya ufuta anaongea, na mteja akishaondoka anammalizia hadithi yule anayeingia. Mungu hakuwajalia mtoto. Walilea wa wengine, wakasomesha wawili, na hawakumwuliza Mungu maswali.

Kitu cha Fundi kilikuwa miti. Mteja mmoja alisahau jarida kibandani, na ndani yake mlikuwa na picha za miti iliyozeeka, yenye shina la mikunjo na mizizi iliyoshika ardhi kama vidole, ila mti mzima unakaa ndani ya chungu kifupi kama bakuli. Chini ya picha palikuwa pameandikwa bonsai. Fundi alilisoma jarida lile mpaka likaachana kurasa. Kisha akang'oa mche wa mkwaju ulioota kwenye ufa wa ukuta, akaupunguza mizizi, akaupanda kwenye bakuli la udongo alilolitoboa matundu chini, na kuanzia hapo hakurudi nyuma. Miaka ishirini na sita baadaye alikuwa na vyungu kumi na vinne juu ya paa la jengo la ghorofa nne, ambalo wao walikaa chini kabisa. Mkwaju ule wa kwanza ulikuwa na urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole, na shina nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima.

"Fundi," kinyozi wa ghorofa ya chini alikuwa akimtania, "tutakula lini ukwaju wa mti huu?"

"Mti huu hauzai ukwaju. Unazaa subira. Panda juu nikukatie tawi, maana wewe huna."

Mama mdogo aliyasikiliza maelezo ya kukata, kufunga waya na kumwagilia kwa miaka yote hiyo kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Alijua majina tu. Katika nyumba ile miti ilitajwa kama watu: Mtini anaumwa, Mvinje amenyolewa, yule Bogenvilia ana maringo leo.

Kisha Fundi akapigwa kiharusi. Ilikuwa wiki mbili kabla ya kiangazi kuanza. Upande wa kulia ukalala wote, na maneno yakaondoka, yeye mwenye maneno. Baada ya majuma matatu ya hospitali akarudishwa nyumbani, akawekewa kitanda sebuleni karibu na dirisha. Wakapatana lugha: akigonga ubao wa kitanda mara moja kwa mkono wa kushoto ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Daktari alimwita mama mdogo pembeni kabla hawajaondoka.

"Mama, asipewe habari za kumshtua. Huu mmoja amevuka. Mwingine sijui."

Siku ya kwanza nyumbani, baada ya kunywa uji, Fundi alinyoosha kidole kimoja kuelekea dari.

"Wako wazima," mama mdogo akasema. "Usiwaze."

Akagonga mara moja.

Wakati ule walikuwa wazima kweli. Ila kiangazi cha mwaka ule hakikuwa na simile. Sakafu ya paa ilikuwa ya zege tupu, na kufikia saa sita mchana huwezi kuikanyaga bila viatu. Mama mdogo alipopanda siku ya mapumziko yake, saa saba, alikuta miti yote imelegea majani. Akamwagia maji palepale, jua likiwa utosini, na jioni alipokuta majani yamesimama akajisemea kwamba maji ndiyo yaliyowaokoa. Hakujua kwamba mti wa chunguni hulegea mchana wa joto na kuinuka wenyewe jioni, hata kama udongo una unyevu wa kutosha. Lingekuwa jambo la kumwuliza Fundi. Lakini kumwuliza ni kumtia wasiwasi.

Akafanya kile anachokijua. Mpiga pasi ana sheria moja: kitambaa kinachongoja pasi kisikauke. Ukikiacha kikakauka kabisa utasugua mpaka mkono ukatike. Unakinyunyizia, unakiviringisha ndani ya taulo lenye maji, na kinabaki hivyo, kibichi, mpaka zamu yake ifike. Basi akamwomba msimamizi mataulo yaliyochakaa, akayaleta nyumbani mfuko mzima, na kila chungu akakivika taulo lililoloweshwa, akalifunga kwa kamba. Chini ya kila chungu akaweka sinia lenye maji. Asubuhi kabla ya kazi analowesha mataulo, anajaza masinia, anamwagia udongo na kunyunyizia majani. Jioni anarudia. Mchana alimwachia kazi hiyo wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliyekuja kukaa na mgonjwa saa za kazi. Juu ya paa vyungu vilikaa vimefungwa mataulo kama watoto waliotoka kuoga.

"Hapo umewatunza," kinyozi alimsifu, alipopanda kuanika taulo zake za kinyozini. "Hata mimi sijawahi kutunzwa hivyo, na nina mke."

Wiki ya tatu majani yakaanza kuwa manjano. Mama mdogo akalilaumu jua, akaongeza maji. Yakaanza kudondoka, akaongeza tena. Palikuwa na harufu kule juu, harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Pua yake, iliyoweza kulitambua shati lililoanikwa ndani ya nyumba hata likiwa limepigwa pasi mara mbili, iliinusa harufu ile ikayasingizia mataulo. Akayachemsha kwa sabuni, akayasuuza, akayarudisha.

Bogenvilia akafa kwanza. Kisha mivinje miwili, wiki moja. Mtini mdogo ukafuata, na mpera mmoja ambao Fundi alikuwa ameufunga waya wa shaba mwezi uleule alioanguka. Watano.

Kila asubuhi kidole kilielekea dari, na kila asubuhi mama mdogo akajibu, "Wazima." Alikuwa mtu wa sala, na uongo alijua ni nini. Alfajiri alipiga magoti akatubu uongo wa jana, kisha akainuka akaenda sebuleni kusema wa leo. Alimwambia Mungu kwamba anafanya hivyo ili mtu asife. Hakuwa na hakika kama Mungu amekubali sababu hiyo.

"Wifi, mwambie tu," wifi yake alimwambia wakiwa jikoni.

"Nimwambie nini? Hukusikia daktari alivyosema?"

"Daktari alisema asishtuliwe. Hakusema ageuzwe mtoto."

"Basi mwambie wewe. Si ni kaka yako?"

"Mume ni wako. Mimi zamu yangu ilikwisha alipoacha kunyonya kidole."

Kisha Fundi mwenyewe akaja na jipya. Asubuhi moja alinyoosha kidole juu, akakishusha mpaka kwenye kigoda kilichokuwa kando ya kitanda. Juu, kigodani. Juu, kigodani.

"Nikuletee mmoja?"

Kugonga mara moja.

"Jua kali, Fundi. Nitawaunguza ngazini bure. Ngoja joto lipungue."

Mara mbili. Kisha akagonga tena mara mbili, kwa nguvu.

Alimzungusha siku tatu. Ya nne akapanda juu alfajiri kuchagua, na kwa kweli hapakuwa na cha kuchagua. Mkwaju ndio ulioonekana na uhai zaidi: upande mmoja ulikuwa na majani, upande wa pili matawi matupu. Akaufungua taulo. Akachambua majani ya manjano moja moja, akapangusa chungu mpaka kikang'aa, akaubeba mikononi ngazi zote nne mpaka chini kwa uangalifu, akauweka kigodani upande wa majani ukimtazama mgonjwa na ule mtupu ukitazama ukuta, kama mtu anayeuza gari lililogongwa. Pazia akalivuta nusu.

"Haya. Huyu hapa, anakusalimu."

Fundi aliutazama mti kwa muda mrefu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, hakusogea. Mkono wa kushoto ukainuka polepole. Mama mdogo alitazamia ugeuze chungu, akaanza kutafuta la kusema. Haukugusa hata jani. Ulikwenda moja kwa moja kwenye udongo, kidole cha shahada kikazama mpaka kiungo cha pili, kikatoka cheusi. Akakinusa. Akamtazama mkewe. Kisha akakishusha kwenye shuka.

Shuka lilikuwa jeupe. Mama mdogo alilibadilisha kila siku na kulipiga pasi kila alfajiri, maana ndilo jambo pekee katika ugonjwa ule aliloliweza vizuri. Kidole kikachora juu yake mstari uliopinda, kikarudi kuchora wa pili chini yake, mistari ikakutana, ikapishana nyuma na kufanya mkia. Kikaweka nukta mbele.

Yeye alichokiona kwanza ni doa. Miaka yote ile ya madoa haimwachi mtu aone kingine. Akainama alisome kama alivyosoma kila doa kazini: lina maji kiasi gani, lina umri gani, limetoka wapi. Tope lilikaa katikati, na pembeni yake maji yalikuwa yanatembea ndani ya uzi, duara linapanuka, halitaki kusimama. Na ile harufu. Hapakuwa na taulo pale la kulisingizia.

"Jamani," wifi akasema kutoka mlangoni, "si samaki huyo?"

Nusu ya mdomo wa Fundi, ile nusu iliyobaki, ikapanda. Sauti ikamtoka kooni.

"Samaki!" wifi akadakia. "Anasema humo chunguni tungefuga samaki!"

Fundi akagonga ubao mara moja, kwa nguvu hata chupa ya dawa ikaanguka. Wifi alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Hata mama mdogo alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, juu ya shuka lenyewe.

"Wamekufa watano," akasema.

Wifi akaokota chupa ya dawa.

"Bogenvilia, mivinje wote wawili, mtini mdogo, na yule mpera wa waya. Nimekudanganya kila siku, mwezi na zaidi. Nilikuwa nasema ni jua. Si jua, Fundi. Ni mimi. Nimewafunga mataulo, nimewawekea masinia, tumewamwagia mara tatu kwa siku, na dada yako alikuwa anafuata niliyomwagiza."

Aliyasema yote kwa mkupuo, macho kwenye uso wa mumewe, akingoja kile daktari alichokisema kije. Fundi akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka wifi akasogea akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la kushoto. Alipofumbua aliuondoa mkono wa dada yake taratibu, akanyoosha kidole kuelekea dari, kisha akakigeuza kifuani pake.

"Unataka kupanda mwenyewe?"

Mara moja.

Kesho yake, kabla jua halijapata nguvu, kinyozi na mlinzi wa jengo wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kanga tumboni asiteleze, wakaanza kupanda naye.

"Shemeji," kinyozi alihema kwenye ghorofa ya pili, "ungemleta kwangu jana nimnyoe. Nywele nazo zina uzito."

"Nywele zenyewe ziko wapi?" mlinzi akauliza.

"Basi ni yale maneno aliyoyaweka ndani. Hajayatoa miezi miwili."

Fundi akagonga mkono wa kiti mara moja.

Juu, wakamweka mbele ya vyungu. Aliutazama msiba wake bila kugonga chochote. Kisha kazi ikaanza. Mama mdogo alikuwa anaonyesha kitu, Fundi anajibu. Mataulo? Mara mbili. Yakatolewa. Masinia? Mara mbili. Yakatolewa. Vyungu vikapandishwa juu ya matofali ili hewa ipite chini yake, na vile vilivyojaa maji zaidi vikawekewa kokoto upande mmoja, vilale kidogo na kujichuja. Mama mdogo alitaka kuwang'oa waliooza awabadilishie udongo palepale. Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Kwa joto lile mizizi isiguswe. Fundi alimwonyesha kwa ishara kijiti chembamba cha mbao: kichomeke kwenye udongo, kiache kidogo, kitoe. Kikitoka na unyevu, kaa mbali. Kikitoka kikavu, mwagia asubuhi mpaka maji yatiririke kwenye matundu ya chini, kisha ondoka. Chandarua cha zamani kikakunjwa mara mbili, kikafungwa juu kukata makali ya jua kuanzia saa nne hadi saa kumi. Vipande vya mbao vikaegeshwa kuficha ubavu wa vyungu, maana chungu kikipata moto mizizi inapikwa humo humo.

Kufikia hapo mikono ya mama mdogo ilikuwa haina kazi, na alishika lile kopo la kunyunyizia kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Fundi alimwona. Akaelekeza kidole kwenye sakafu, akakizungusha kuzunguka vyungu vyote.

"Nimwagie sakafu?"

Mara moja. Zege linapoa, hewa inapata unyevu, na mti haudhuriki.

"Amekupa pa kuchezea, wifi," wifi akasema. "Mwagia mpaka uchoke."

Wawili zaidi walikufa kabla kiangazi hakijaisha. Walikuwa wameshaoza siku ile ile. Saba wakabaki. Mkwaju haukurudisha majani upande ule mtupu, na joto lilipopungua Fundi aliagiza ukatwe. Alikuwa anaonyesha tawi, mama mdogo anakata kwa koleo ndogo za kibandani. Mti ukabaki umeegemea upande mmoja. Wageni waliokuja baadaye waliusifu, wakidhani ndivyo alivyoukusudia.

Tangu mwaka ule mama mdogo alimpa mumewe taarifa kila asubuhi, na taarifa ilikuwa vile ilivyo. Mtini ametupa majani matatu. Mkwaju kijiti kimetoka kikavu, nimemwagia. Leo nimechelewa kuamka, jua limewakuta na kiu. Alisema hivyo hivyo juu ya mengine: dawa zikichelewa, mguu ukivimba, akichoka kumgeuza. "Leo nimechoka na wewe," alimwambia mara moja, nasi tulikuwepo, na Fundi akagonga mara moja kwamba hata yeye.

Wakaenda hivyo viangazi viwili. Cha tatu Fundi aliacha kumeza chakula, wakamrudisha hospitali, na daktari mwingine akamwita mama mdogo kwenye korido. Alimwambia figo zimesimama, moyo nao unafuata. Ni siku, si miezi. Wifi alikuwepo, na kinyozi, na dada yake mama mdogo, yaani mama yetu. Wote wakaafikiana palepale kwamba mgonjwa asiambiwe. Aliyeshikia bango alikuwa wifi.

"Mwache aondoke na amani, wifi yangu. Nakuomba."

"Wewe ndiye uliyesema asigeuzwe mtoto."

"Ile ilikuwa miti! Huyu ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako." Mama mdogo alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja. "Lakini ataniuliza. Kesho asubuhi atanitazama, na mimi nitasema nini? Sina tena uso wa kumdanganyia mtu huyu, wifi. Nilikuwa nao, ukaisha."

"Ukimwambia akafa je?"

"Anakufa, wifi. Daktari si amesema?"

Wifi akajifunika uso kwa mtandio. Mama mdogo akasimama hapo koridoni, akafumba macho, midomo ikatembea kidogo, alikuwa anasali. Kisha akaingia wodini, akavuta kiti, akakaa upande wa mkono wa kushoto.

Hakukaa humo zaidi ya robo saa. Hapakusikika kilio wala kitu kuanguka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile aliyoitumia kila asubuhi.

"Amesemaje?" wifi akamrukia.

"Amegonga mara moja. Nadhani alikuwa anajua. Kisha ameomba kukuona, wewe wa kwanza."

"Mimi? Nitaingiaje na macho haya?"

"Ingia nayo hivyo hivyo," mama mdogo akasema, akamshika mkono kumwinua. "Ameshaambiwa. Huna haja ya kumfichia."